Futi ya fundi na mguu wa Mama

Mama aliteremka kwenye basi pale Mbagala saa moja na nusu usiku, ameshika mlango kwa mikono miwili kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi. Alikuwa ametoka Newala saa kumi na moja alfajiri. Nilimpokea mkoba na kapu la korosho, nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu. Miguu imekufa." Nikacheka, maana kila anayekuja na basi la kusini miguu humfia. Lakini taa ya kibanda cha chips ilimmulika chini nikaona kitu. Kandambili ya kushoto ilikuwa imemkata juu ya unyayo mpaka mkanda umezama kwenye nyama, na ya kulia inapwaya. Nikaona, nikanyamaza, nikaita bajaji.

Alikuja kufanyiwa upasuaji. Kizazi kilikuwa kimeshuka, na si cha jana. Watoto saba, wote kawazaa nyumbani isipokuwa mimi wa mwisho. Na kabla ya watoto, na kati ya watoto, na baada ya watoto, kulikuwa na maji. Anayeijua Newala anajua: mji uko juu ya uwanda wa Makonde, ukienda pale Shimo la Mungu unaona ardhi inakatika ghafla chini kuelekea Ruvuma, na maji yalikuwa kule chini. Wanawake walishuka na ndoo tupu, wakapanda na ndoo zimejaa, kichwani, mimba tumboni au mtoto mgongoni. Misuli inayobeba kizazi na kibofu ni kama kitanda cha kamba. Ukikilalia miaka 40 bila kukaza kamba, kinalegea. Halafu hedhi inakoma, homoni zinapungua, nyama inakonda, na siku moja mtu anachuchumaa kuosha vyombo anahisi kitu kama yai kimefika mlangoni.

Mama alikaa na lile yai miaka sita bila kumwambia mtu. Alipiga winda kwa vipande vya kanga kuukuu, akawa anavifua usiku na kuvianika chini ya kanga nyingine ili wakwe wasivione. Sisi tulichokuwa tunakiona ni mzee aliyepunguza kutoka. Msikitini haendi, kwa sababu mkojo ukimtoka udhu umekwenda. Kwenye unyago wa wajukuu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, yeye ambaye zamani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kutwa yuko kwenye kigoda barazani. Na maji akaacha kunywa. Kikombe kimoja asubuhi, cha chai, basi. Mantiki yake ilikuwa nyoofu: asiyeingiza hatoi.

Nayaeleza haya kirefu kwa sababu nimeshasoma na kuambiwa mengi kuhusu damu kuganda baada ya upasuaji, na karibu yote huanza mgonjwa akiwa tayari yuko mezani. Mguu wa Mama ulianza kuandaliwa kwenye kile kigoda.

Turudi Mbagala. Usiku ule nilimchemshia maji ya chumvi nikamkanda. Nikachukua mafuta ya nazi nikamchua mguu wa kushoto kuanzia kisiginoni kwenda juu, kwa nguvu, kama anavyochuliwa mchezaji wa mpira. Aliguna, nikamwambia avumilie. Nililala nimeridhika kwamba nimemhudumia mzazi. Siku hizi nikikumbuka vidole vyangu vikibonyeza lile shavu la mguu, mikono inaniwia baridi. Nitasema kwa nini.

Asubuhi mguu ulikuwa umekaza, unang'aa, na wa moto ukiugusa. Jirani yangu, mtu wa Lindi, aliingia kuamkia mgeni akautazama mara moja tu: "Matende hayo. Kwetu yamejaa." Si mjinga. Ukanda wetu wa kusini matende na mabusha vimetesa watu vizazi na vizazi, ndiyo maana zikagawiwa zile dawa za kumeza mwaka hadi mwaka, na mguu ukivimba upande mmoja akili ya mtu wa pwani hukimbilia huko. Mama mwenyewe alikuwa na yake. Wiki mbili kabla ya safari aliruka kamba iliyolazwa njiani karibu na shamba la mtu waliyegombana naye mpaka. "Nimekanyaga kitu," aliniambia kwa sauti ya chini, "usimwambie kaka yako." Kwa hiyo tulikuwa na majibu matatu ndani ya chumba kimoja: uchovu wa basi, matende, na kamba ya jirani. La nne halikuwepo.

Siku mbili baadaye tulikuwa na miadi ya kuonana na daktari wa usingizi. Hospitali sitaitaja, kwa sababu nina la kuilalamikia na sina nia ya kumwaga mchele. Mama alikuwa amekwisha kupita kliniki pale mara tatu miezi ya nyuma, akija na kurudi. Walimpima presha, sukari, wingi wa damu, wakampima na VVU. Walimuuliza amezaa mara ngapi. Mara zote tatu hakuna aliyesema, "Mama, hebu pandisha gauni nione miguu." Hata mara moja. Nami sikuona ajabu. Tumbo ndilo lililokuwa na shida, miguu ya nini?

Daktari wa usingizi alikuwa binti mdogo, labda kanizidi mwaka mmoja au miwili. Alimsalimia Mama "shikamoo" kabla hajashika karatasi, jambo dogo ambalo kwa mzee wa Newala ni nusu ya tiba. Akamsikiliza moyo, akamtazama kinywa, akamwuliza kama ana meno ya bandia. Halafu akasema, "Mama, naomba niione miguu."

Alipoiona aliacha kuzungumza. Akafungua droo, akafunga, akafungua ya pili. Akamwuliza nesi, "Sista, futi iko wapi?" Haikuwepo. Mimi ni fundi cherehani. Futi yangu huwa shingoni nikiwa kazini na kwenye mkoba nikitoka. Nikaitoa. Akaniuliza kama najua kupima, nikamwambia dokta, napima viuno vya watu tangu nikiwa na miaka 17. Akatabasamu, akanionyesha: tafuta kile kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sentimita 10, zungusha hapo. Mguu wa kulia, 31. Mguu wa kushoto, 35 na nusu. Nikarudia, kwa sababu fundi hupima mara mbili, ikaja vilevile.

"Tofauti ikizidi sentimita tatu," alisema, "siwezi kukuacha uende." Akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Shimo likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa. Mama akalitazama lile shimo kwa mshangao.

Tukapelekwa ultrasaundi mchana huohuo. Sikujua kwamba ile mashine ya kutazamia mimba hutazama na miguu. Mpimaji alimpaka ule ute wa baridi kwenye kinena, akaanza kushuka na kile kidude, na kila baada ya hatua moja anabonyeza. Alinieleza bila kugeuza macho kutoka kwenye kioo: mshipa unaorudisha damu kwenye moyo ni laini, ukibonyezwa hufumba kama mdomo, ule wa jirani yake, unaotoa damu moyoni, haufumbi, unadunda. Akabonyeza pajani, vikaonekana viduara viwili, kimoja kikapotea. "Umefumba, mzima." Akashuka. "Umefumba." Akafika nyuma ya goti, akabonyeza. Viduara vikabaki viwili. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Viwili. Ndani ya kimoja kulikuwa na kivuli cha kijivu, kama mashapo ya kahawa.

Bonge la damu, nyuma ya goti la kushoto. Upasuaji wa Alhamisi ukafutwa.

Nilikasirika. Nisijifanye mwema hapa. Nilikuwa nimefunga kibanda changu wiki nzima, nimekopa kwenye kikundi, kaka yangu ameuza gunia za korosho kwa bei ya hasara ili zipatikane nauli na za hospitali. Na Mama kakusanya ujasiri wa miaka sita. Nikamwambia daktari maneno ambayo si vizuri kuyaandika. Akaniacha niyamalize. Akavuta kiti, akachukua karatasi upande usioandikwa, akachora.

Alichora mfereji. Alisema kuna Mjerumani mmoja, Rudolf Virchow, ambaye kati ya miaka ya 1840 na 1850 alikuwa akipasua maiti na kukuta mabonge kwenye mapafu, akauliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza: haya yalizaliwa hapa, au yamesafiri kutoka kwingine? Akaonyesha kwamba yanasafiri. Yanazaliwa miguuni, yanakatika, yanapanda na damu mpaka moyoni, na moyo unayasukuma kwenye mapafu, yanakwama. Na mpaka leo madaktari wakitaka kujua kwa nini damu ya mtu imeganda hutazama mambo matatu yanayohusishwa na jina lake: damu imesimama, au ukuta wa mshipa umeumia, au damu yenyewe imekuwa tayari kuganda. (Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 13 Oktoba, ndiyo dunia inayoitumia kila mwaka, tangu 2014, kuwakumbusha watu ugonjwa huu. Nimekuja kulijua hilo baadaye.)

"Sasa mhesabie Mama," akaniambia, akanipa kalamu.

Damu kusimama: kigoda cha barazani, kisha basi. Moyo unasukuma damu kwenda miguuni, lakini kuirudisha juu ni kazi ya misuli ya shavu la mguu. Kila hatua unayopiga ni kama kukamua. Asiyetembea hakamui. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi inaongeza hatari hii karibu maradufu, na si ndege tu, hata basi na gari na treni. Mama alikaa saa 14 na nusu. Nilimuuliza alishuka mara ngapi. Hakushuka. Wenzake walishuka Nangurukuru kula, yeye akabaki kwenye kiti. Basi liliposimama porini watu wachimbe dawa, wanaume upande huu wanawake upande ule, yeye alibaki ameshika mkoba. Angechuchumaaje mbele ya watu na kile kitu kimening'inia? Na ili asihitaji kuchuchumaa, hakunywa tone la maji tangu usiku uliotangulia.

Hiyo ikawa ya pili, damu kuwa tayari: mwili uliokaukiwa maji. Na umri. Umri peke yake hubadilisha damu. Daktari alinionyesha fomu ya alama za hatari ya damu kuganda, iliyotengenezwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, Joseph Caprini. Ile inayotumika sana ni ya mwaka 2005. Ukifika miaka 41 unapewa alama moja, 61 alama mbili, 75 alama tatu. Upasuaji unaopita dakika 45, alama mbili. Uzito mkubwa, moja. Mishipa iliyotuna miguuni, moja. Miguu iliyovimba, moja. Aliyewahi kuganda damu, tatu, na aliye na ndugu wa damu aliyewahi, tatu vilevile. Ukifika tano uko juu. Mama, miaka 71, mwembamba kama fito, hana presha wala sukari, mtu ambaye kila nesi alimsifu kwa afya: mbili za umri, mbili za upasuaji, moja ya uvimbe. Tano kamili kabla hata ya kuhesabu bonge lenyewe. Fomu haikuwa na kisanduku cha basi la Newala. Daktari aliliandika pembeni kwa mkono.

Na ya tatu, mshipa kuumia, ndiyo ambayo upasuaji ungeileta. Kushuka kwa kizazi hurekebishwa mara nyingi kwa njia ya chini, bila kupasua tumbo. Miguu ya mgonjwa huinuliwa na kuwekwa juu ya vyuma, mapaja yamekunjwa, na anakaa hivyo saa nzima au zaidi. Mishipa ya nyonga inabanwa, na kazi inafanyika jirani nayo kabisa. Mwili wowote uliokatwa huamuru damu igande, ndivyo tunavyopona vidonda. Ukimlaza pale mtu ambaye tayari ana bonge, na dawa ya kumzuia asigande huwezi kumpa kwa wingi kwa kuwa atavuja mezani, umemweka kati ya mamba na chui.

Nikamwuliza, na tungeendelea Alhamisi bila kujua? Hakunijibu moja kwa moja. Alisema wanawake wengi mno hufanyiwa upasuaji huu na kurudi nyumbani salama, wanaoganda damu ni chini ya mmoja kati ya 100, na hataki niende kuwatisha watu. Halafu akasema lakini yule mmoja huwa hatangazi. Anaweza kuwa anaendelea vizuri, siku ya tatu anaamka kwenda msalani, anakosa pumzi, anaanguka.

Hapo nilinyamaza. Mama mkubwa, dada yake Mama, alifanyiwa upasuaji wa tatizo hilihili miaka mingi iliyopita, mji mwingine, hospitali nyingine. Siku ya tatu. Aliamka kwenda msalani. Tulimzika kesho yake alasiri na watu wakasema presha, wengine wakasema uchawi wa shamba. Mama alikuwa amekaa pale kitandani akisikiliza, na aliposikia neno "msalani" alinitazama, nikamtazama, hatukulisemezana mpaka siku tuliyorudi nyumbani.

Sasa mjue kwa nini mikono yangu huwa baridi. Mguu wenye bonge hauchuliwi. Ukiuchua unaweza kulikata, na lililokatwa linajua njia ya kwenda mapafuni. Kila nyumba ya uswahilini ina chupa ya mafuta ya kuchulia na mtu mwenye mikono mizuri. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma, ukawa wa moto, weka chupa chini upeleke mtu hospitali. Na akikosa pumzi ghafla, au kifua kikamchoma anapovuta hewa, au akakohoa damu, usingoje asubuhi.

Dawa ilianza siku ileile: sindano ya tumboni, kwenye mafuta ya pembeni mwa kitovu, ya enoksaparini. Watu huziita dawa za kuyeyusha damu. Haziyeyushi. Zinalizuia bonge lisikue na zinazuia mengine yasizaliwe, na mwili wenyewe polepole ndio unaolimega. Siku ya pili ya sindano, mama mmoja wa kitanda cha jirani akamnong'oneza Mama kwamba ile dawa ni ya nguruwe. Nesi alipokuja jioni, Mama akafunika tumbo kwa kanga na kusema ahsante, inatosha.

Nilidhani ni uzushi wa wodini. Nikamwuliza daktari, akasema ni kweli. Heparini, dawa mama ya ile sindano, iligunduliwa 1916 na mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, Jay McLean, kwenye ini la mbwa, ndipo ikapata jina kutokana na neno la Kigiriki la ini. Lakini siku hizi heparini, na enoksaparini inayotokana nayo, kwa kawaida hutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Ipo nyingine inayotengenezwa maabara bila mnyama, lakini pale haikuwepo. Nilipenda kwamba hakunificha wala hakutudharau. Aliniambia, kaongee na watu wako wa dini, ila usichukue siku tatu.

Nilimpigia shehe wa mtaani kwetu Newala, ambaye Mama anamwamini kuliko redio. Akaomba aongee na Mama mwenyewe. Nikaweka sauti kubwa. Akamsomea aya ya 173 ya Suratul Baqara, ile inayoharamisha mzoga na damu na nyama ya nguruwe, na mwisho wake: mwenye kulazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka, hana dhambi. Mama alikaa kimya kidogo. Kwetu Newala adui mkubwa wa mkulima ni nguruwe pori; usiku mmoja wanalimaliza shamba la mihogo, na yeye kalala kwenye kibanda cha shamba akipiga debe miaka mingapi. Akafunua kanga. "Mihogo yangu wamekula sana hao," alimwambia nesi. "Na walipe."

Baada ya sindano zikaja tembe za wafarini, ambazo ndizo tulizoziweza kwa bei. Nazo zina historia yake. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakivuja damu mpaka kufa baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Kilichowaua kikachunguzwa, na kutokana nacho ikatengenezwa wafarini, ikauzwa 1948 kama sumu ya panya, na 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Nilimweleza Mama nikidhani atacheka. Akasema, "Nguruwe, sasa panya. Mwisho mtaniletea nyoka."

Shida ya wafarini ni kwamba inataka utulivu wa chakula. Mboga za majani zenye kijani kizito zina vitamini inayopingana nayo: leo ukila sahani tatu, kesho usile kabisa, damu inakwenda huku na huku. Na sisi ni watu wa kisamvu. Daktari hakumkataza, alimwambia ale kiasi kilekile kila siku, kwa hiyo mimi fundi nikawa napima kisamvu kwa kikombe. Kila wiki tulikwenda kupima damu, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Wiki ya pili kilisoma 1.4. Wiki ya tatu 3.8, fizi zikatoka damu alipopiga mswaki, tukapunguza dozi. Ilichukua wiki tano kutulia.

Miezi mitatu ndiyo aliyoambiwa asubiri. Ndani ya mwezi wa kwanza hatari ya damu kuganda tena ni kubwa sana mtu akisimamishiwa dawa ili apasuliwe, inashuka kadiri siku zinavyokwenda, na kama upasuaji si wa kuokoa maisha usubiri angalau hiyo mitatu. Sasa kile kilichokuwa kinaning'inia kingesubirije? Hapa ndipo nilipopata hasira ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Daktari wa wanawake alitoa kwenye kabati mpira wa duara, laini, wa silikoni, kama bangili nene, akampima, akauingiza. Dakika tano. Unaitwa pesari. Kizazi kikakaa mahali pake. Mama alishuka kitandani, akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akachuchumaa, akasimama. Akanitazama. Miaka sita ya winda, na kitu chenyewe ni bangili ya mpira.

Nasikia wako wanaobaki na pesari maisha yao yote, wakiisafisha na kurudishiwa, na hawahitaji kisu. Mama aliitaka miezi mitatu tu. Alisema hawezi kuzeeka na kitu cha watu mwilini. Ni haki yake.

Akiwa na pesari alianza kutembea. Alfajiri baada ya sala, kabla joto halijapanda, kutoka nyumbani mpaka kituo cha Rangi Tatu na kurudi. Na maji. Nilimpa chupa ya lita moja na nusu na kumwambia iishe kabla ya alasiri. Mwanzoni alikuwa akiimwagia michicha ya jirani nikigeuka.

Mwezi wa nne ndipo alipofanyiwa. Wafarini iliachwa siku tano kabla. Usiku wa kuamkia upasuaji alichomwa ile sindano ya nguruwe saa mbili, kwa sababu ganzi ya mgongo inataka angalau saa 12 zipite, la sivyo damu inaweza kuvujia kwenye uti. Daktari wa usingizi alikuwa yuleyule. Alihesabu fomu upya mbele yetu: umri mbili, upasuaji mbili, uvimbe uliobaki moja, na zile tatu za aliyewahi. Nane. Akamvalisha soksi ndefu za kubana zenye rangi ya maziwa, ambazo Mama alizisifu ushonaji wake, na akaniambia sharti moja tu: kesho asubuhi simama naye, hata akikulilia.

Hakulia. Saa moja asubuhi, mpira wa mkojo ukiwa bado umefungwa pembeni, alishusha miguu, nikamshika kiuno, tukaenda hatua sita mpaka dirishani. Siku ya pili, mara nne. Siku ya tatu aliamka usiku kwenda msalani nikamfuata mguu mosi mguu pili, nimeshika ukuta mimi, si yeye. Akaingia, akatoka, akaniuliza mbona natweta.

Alirudi Newala miezi miwili baada ya hapo, dawa zikiwa mfukoni kwa wiki chache zilizobaki. Nilimsindikiza. Nilimkatia kiti cha njiani, si cha dirishani, na kabla hatujapanda nilimpima miguu palepale kituoni watu wakitazama: 31 na nusu, 32. Mkuranga akamaliza chupa ya kwanza. Ikwiriri tulishuka. Tulipovuka Daraja la Mkapa akamwita konda tena, na Nangurukuru, na baada ya Nangurukuru kwenye pori moja ambalo halina jina. Konda akapiga bati dereva asimame. Abiria mmoja nyuma akaguna kwa sauti, "Huyu bibi vipi, atatufikisha leo kweli?" Mama alikuwa ameshashika kanga yake, yuko mlangoni. Akamjibu bila kugeuka, "Nachimba dawa, mwanangu. Nawe shuka."

Watu kumi na kitu wakashuka.